Anakula Kwangu, Anawika kwa Jirani

Jumatatu, 12 Juni

Baridi kali. Jino linauma. Mayai yote kumi na moja ni viza!

Siku ishirini na moja Katibu ameatamia bila kulalamika. Katibu ndiye mtetea wangu mkubwa. Wale wengine watano nawaita wajumbe. Leo nimevunja yai la kwanza nyuma ya jiko. Harufu! La pili vilevile. Nilipofika la nne, Dada Gasebalwe akafungua dirisha akauliza nani amekufa.

Sababu naijua. Sababu ina mkia wa kijani na kifua mbele. Jogoo wangu Diwani analala hapa, anakula mahindi yangu, kisha anaruka ua wa minyaa na kushinda kwa jirani, Mma-Kelone, mjane mwenye mitetea minane. Jioni anarudi kulala kama mpangaji. Nimechungulia kwenye tundu la ua nikahesabu vifaranga wa Mma-Kelone. Kumi na wanne! Wote wana manyoya miguuni. Na hapa Kanye jogoo mwenye manyoya miguuni ni Diwani peke yake.

Dada ameshatoa hukumu. Nyumba ni yake, mimi nimejibanza humu miaka kumi na moja, tangu nilipoachishwa kazi ya bohari. Amesema Jumamosi ya tarehe 24 atapokea wageni kutoka Mahalapye. Kisha, akiniangalia mimi badala ya jogoo, akasema jogoo mzee asiyejua kwake ni wapi lazima atoke katika ua huu kabla Jumamosi hiyo haijaisha. Kwa miguu yake, au kwa sufuria.

Maskini Diwani! Nilimlea mfukoni mwa koti baada ya mwewe kumchukua mama yake. Alikuwa na ukubwa wa kijiko. Sitakubali aliwe na watu wa Mahalapye, ambao hata hawajui kutafuna polepole.

Nina siku kumi na mbili za kumfundisha kukaa nyumbani. Zinatosha na kubaki.

Jumanne, 13 Juni

Mpango wa kwanza. Rahisi mno, najiuliza kwa nini sikuufikiria mapema.

Nimemkamata Diwani alfajiri akiwa bado na usingizi, nikampunguza manyoya ya mabawa kwa mkasi wa Dada. Hakuniparua sana. Mara tatu tu. Nikamweka chini, nikavuta kigoda, nikakaa kumtazama atakavyofika kwenye ua na kushindwa.

Alifika kwenye ua. Akatazama juu. Akajaribu, akaanguka. Nikacheka peke yangu mpaka jino likaniadhibu.

Kisha akajikung'uta, akazunguka nyumba, akatoka getini kwa miguu, akapita barabarani mbele ya watu na kuingia kwa Mma-Kelone kupitia mlango wa mbele. Kama mwenye nyumba!

Mma-Kelone alisikika akimkaribisha. Alimwita Rra, kama bwana mzima: "Karibu, Rra, leo umekuja kiheshima."

Dada ameuliza mkasi wake umefanya nini mpaka unatoa harufu ya kuku. Nimesema sijui.

Alhamisi, 15 Juni

Siku ya aibu, lakini yenye faida kwa upelelezi.

Mpango wa pili ulikuwa kumwita. Kuku huja akiitwa na anayemlisha. Nikasimama kwenye ua na konzi ya mahindi, nikaita taratibu, kwa sauti ya mapenzi: "Koko! Koko! Koko!"

Waliotunga lugha yetu hawakuwa wafugaji. Kuku ni koko, na mtu anayebisha hodi naye anasema ko ko. Diwani hakugeuka. Lakini shangazi wa Mma-Kelone, anayeishi naye, bibi wa miaka themanini na kitu mwenye masikio ya sungura, akajibu kutoka ndani: "Ingia, Rra! Mbona unabishia uani na geti lipo?"

Ungefanya nini? Nikaingia. Nikapewa kiti, chai na maandazi. Chai ilikuwa kwenye kikombe cha bati. Bati likagusa jino! Nikaruka. Mma-Kelone akaniuliza nini, nikamwambia ni jino, halipatani na bati. Akaondoka, akarudi na maziwa ya mgando kwenye kibuyu kidogo, yamepashwa kidogo juani. Sikuumia hata kidogo. Nayaandika haya kama ushahidi tu.

Ushahidi mwingine: karibu na mlango wake kuna sinia, na ndani ya sinia kuna mtama uliolowekwa. Uliolowekwa! Diwani alikuwa anaula huku amefumba macho. Nikamuuliza Mma-Kelone, kwa ujanja, kama anadhani ni haki kumlisha jogoo wa mtu. Akacheka. Ana mwanya. Akasema jogoo hafungwi kwa kamba, Rra Tshekiso, jogoo hufungwa kwa tumbo, na kwamba hata wanaume wengine anaowafahamu ni hivyo hivyo.

Sijui alikuwa anamsema nani. Nilimaliza maziwa nikaondoka. Shangazi alinisindikiza hadi getini akaniambia nisikawie tena.

Jumamosi, 17 Juni

Mpango wa tatu, na huu ulikuwa wa kisomi.

Jogoo akiona jogoo mwenzake nyumbani kwake, hurudi kupigana. Sina jogoo wa pili. Lakini Dada ana kioo! Kioo kirefu, cha kabati, alichopewa siku ya harusi yake. Dada alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nikakibeba hadi uani, nikakiegemeza kwenye shina la mti, nikakielekeza kwenye tundu la ua.

Ulifanya kazi! Diwani alichungulia, akamwona huyo mshenzi mwenye manyoya miguuni amesimama katikati ya wajumbe. Akaja mbio kupitia getini. Mabawa wazi, shingo imevimba. Nikafunga geti nyuma yake, nikapiga makofi. Diwani nyumbani, geti limefungwa, saa nne asubuhi!

Akapiga kioo mara ya kwanza. Kikatikisika. Mara ya pili. Mara ya tatu kikaanguka.

Vipande arobaini, labda zaidi. Diwani akapanda juu ya kipande kikubwa akawika kwa ushindi wa wiki nzima. Wakati huohuo Dada akafungua geti, akiwa bado na kitabu cha nyimbo mkononi. Diwani akapita kati ya miguu yake akaenda zake kwa Mma-Kelone kupokea mtama wa mshindi.

Dada hakupiga kelele. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Alisema polepole kwamba amewahi kuishi na mume, na watoto sita, na mama mkwe, na hakuna hata mmoja aliyemchosha kama mdogo wake wa tumbo moja. Akasema Jumamosi ijayo ni mbali mno.

Jumatatu, 19 Juni

Hakuna mpango. Jino.

Dada amesugua sufuria kubwa ya miguu mitatu kwa mchanga. Ameianika pale ninapokaa kuota jua.

Jumatano, 21 Juni

Jibu limenijia nikiwa naswaki upande mmoja. Nimekuwa nikihangaika kumfanya Diwani aje. Mwanamume haombi, anachukua! Kesho alfajiri nitaingia kwa Mma-Kelone mwenyewe. Diwani siku hizi halali hata nyumbani. Analala kwenye toroli bovu karibu na geti la mjane. Nitamnyakua, nitamfungia chumbani kwangu hadi wageni waondoke, na Dada atakuta jogoo yuko nyumbani kama sheria ilivyotaka.

Nitavaa koti la marehemu baba. Ni pana, jogoo ataingia kwapani bila kuonekana. Na baridi hii hakuna atakayeshangaa koti.

Nahitaji mtu wa kulinda geti. Nimemwomba Mjomba Rasebotsa, kaka yake marehemu mama. Masikio yake yamechoka, lakini ana mwili wa kuziba geti lolote. Nikamwelezea karibu na sikio, mara mbili: kesho alfajiri tunakwenda kwa Mma-Kelone kumchukua.

Mjomba alinitazama kwa muda mrefu. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Macho yalimjaa machozi. Akasema: "Mwanangu, nilidhani nitakufa kabla ya siku hii."

Sikujua kama anampenda Diwani kiasi hicho. Ameahidi kuja mapema, amevaa koti na kofia.

Alhamisi, 22 Juni

Sijavua hata koti. Naandika hivyo hivyo.

Tulitoka kabla ya jua. Barafu nyembamba kwenye ndoo. Mjomba amenyoa ndevu, amepaka viatu rangi, amevaa tai! Nikamnong'oneza kwamba kazi yenyewe si ya tai. Akaniambia nitulie, hata yeye siku yake alitetemeka.

Geti lilikuwa wazi. Diwani kwenye toroli, kichwa ndani ya bawa. Nikamnyakua vizuri sana, kimyakimya, nikamtia kwapani, nikafunga vifungo vyote vitatu. Hakutoa sauti. Hatua kumi tu na tungekuwa nje!

Hapo Mjomba Rasebotsa, mtu aliyelelewa vizuri, ambaye hajawahi kuingia ua wa watu bila hodi tangu azaliwe, akavua kofia, akavuta pumzi, akanguruma: "KO KO!"

Mlango ukafunguliwa papo hapo. Shangazi, amejifunika shali. Nyuma yake Mma-Kelone, naye ana shali. Wakatuangalia. Wanaume wawili, makoti, alfajiri. Shangazi akauliza taratibu tumekuja kutafuta nini.

Nikasema kitu cha kwanza kilichokuja. Nikasema tumekuja kuomba maji.

Shangazi akanisogelea. Akauliza: "Maji, Rra?"

Nikasema ndiyo, maji tu. Mma-Kelone akanyoosha mkono kuchukua kikombe mezani. Cha bati! Kwa baridi ile! Nikakumbuka jino. Nikasema, tena kwa sauti ili nieleweke: "Samahani, Mma, kama inawezekana, tunaomba kibuyu cha maji."

Nilisikia maneno yangu baada ya kuwa yameshatoka.

Nina miaka hamsini na sita. Nimesikia wajomba wakisema maneno hayo kwenye nyua za watu tangu nikiwa mtoto. Ndivyo wazee wetu walivyotuachia: hutaji mke, unaomba kibuyu cha maji. Alfajiri. Ukiwa na mjomba wako. Na koti!

Nikafungua mdomo nieleze habari ya jino. Mjomba akanitangulia. Akapiga goti na kusema kwa sauti iliyovuka nyua tatu kwamba yeye Rasebotsa amemleta mtoto wa dada yake, ana kiu ya muda mrefu, na kibuyu alichokiona ni cha nyumba hii.

Shangazi akapiga vigelegele. Vigelegele vikajibiwa ng'ambo ya barabara. Mbwa wakabweka. Na Diwani, aliyeamka gizani kwapani mwangu, akadhani kumekucha akawika ndani ya koti!

Koti likatoa kichwa. Nikasema moyoni, sasa nimekwisha, mwizi wa kuku. Lakini shangazi akafungua kifungo kimoja, akamtoa Diwani, akamwinua juu watu waliokwishajaa getini wamwone. Akasema: "Na hakuja mikono mitupu!"

Hivyo ndivyo nilivyompa Mma-Kelone jogoo wangu. Mbele ya mashahidi.

Maji niliyanywa. Yalikuwa ya uvuguvugu.

Ijumaa, 23 Juni

Kata nzima inajua. Mwenye duka amenipa mkono. Mchungaji ameniita bwana harusi. Mwanamke mmoja nisiyemjua amenishauri nikate ndevu.

Nimefikiria kukana. Nikikana, nitaulizwa barazani: basi ulitaka nini uani kwa mjane alfajiri, na jogoo alifikaje kwapani? Mwizi wa kuku hapa Kanye hata mbwa hamsalimii. Kwa hiyo ama ni mwizi, ama ni mchumba. Nimekaa kwenye kigoda nikapima pande zote mbili kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana. Upande wa pili una maziwa ya mgando.

Dada anaimba tangu jana. Ameniandalia uji wa mtama wenye sukari. Kioo hakutaji tena.

Alasiri nilikwenda kwenye tundu la ua nikamwambia Mma-Kelone ukweli. Ilikuwa haki yake. Nilisema nilikuja kwa ajili ya Diwani tu. Akasema anajua. Nikasema kibuyu kilikuwa kwa ajili ya jino. Akasema hilo pia analijua, ndiyo maana alichukua kikombe cha bati ilhali kibuyu kilikuwa karibu zaidi. Kisha akasema amekuwa akiloweka mtama tangu Februari, kila siku, na kwamba mkono wake umechakaa, na kwamba hajawahi kuona mwanamume anayechelewa kumfuata jogoo wake kama mimi.

Nikamwambia huo ni wizi wa wazi wa jogoo!

Akasema ndiyo, Rra Tshekiso, ni wizi. Akacheka hadi akajishikiza kwenye ua.

Ana roho ngumu, mwanamke yule. Amekiri bila aibu. Nimefurahi sana leo, sijui kwa nini, huenda ni jino limepoa.

Jumamosi, 24 Juni

Wageni wa Mahalapye wamefika. Ni baba zangu wadogo, watatu. Wote wamevaa makoti! Mmoja amebeba blanketi jipya la posa. Nikamuuliza Dada waliwezaje kujua mapema hivyo, wakati yeye aliwaalika wiki mbili zilizopita na mimi nimeteleza ulimi juzi. Dada akasema wana bahati. Wakacheka wote. Watu wa Mahalapye hucheka ovyo.

Walikwenda kwa jirani na Mjomba mbele. Mimi sikuruhusiwa, mchumba haketi kwenye mazungumzo. Nilikaa kwenye tundu la ua. Ng'ombe wanane wakatajwa, wanane wakakubaliwa, mbio mno, bila hata mtu kujifanya amekasirika. Kuhusu makao, shangazi akasema nyumba ya Mma-Kelone ni kubwa na bwana harusi ahamie huko. Kabla upande wetu haujajibu, Dada alipaza sauti kutoka uani kwetu kwamba sanduku langu limeshafungwa.

Kisha chakula. Dada akachukua sufuria na kisu, akavuka kwenda kumkamata Diwani kama alivyoapa. Nikapenya kwenye minyaa, utomvu ukaniingia nguoni, nikasimama mbele ya sufuria nimenyoosha mikono. Nikasema atapita juu ya maiti yangu. Nilimaanisha.

Mma-Kelone ndiye aliyemnyang'anya Dada kisu. Akasema jogoo huyu ni zawadi ya uchumba wake, alitolewa kwapani mbele ya watu, na hakuna wa kumgusa. Wakachinja mbuzi. Nikakaa chini karibu na Diwani.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, Mjomba aliniambia huku akinipangusa utomvu. Nikamwambia Diwani si mgeni tena pale. Akasema hakuwa anamzungumzia Diwani. Au labda mimi ndiye niliyesikia vibaya.

Jumapili, 25 Juni

Hesabu ya mwisho ya mipango yangu. Nilitaka Diwani asichinjwe. Hakuchinjwa! Nilitaka aishi ua mmoja na mimi. Tutaishi! Nilitaka mayai ya Katibu yapate baba. Leo asubuhi nimemhamisha Katibu na wajumbe wote watano kwenda kwa Mma-Kelone wazoee mapema. Mitetea kumi na minne, jogoo mmoja, ua mmoja. Nani mwingine angepanga vizuri hivi? Werevu wangu huchelewa kuonekana, lakini huonekana.

Saa nne. Diwani hayupo.

Saa tano. Ameonekana. Mabawa yameanza kurefuka. Ameruka ua wa upande wa pili na yuko kwa Mma-Ogaufi, yule mwalimu mstaafu anayeishi peke yake. Ana mitetea mitatu tu, myembamba. Nimeona kwa macho yangu mwenyewe sinia mlangoni kwake. Mtama. Umelowekwa!

Huu mji umejaa wezi.

Sitamsumbua Mma-Kelone na jambo dogo kama hili. Ana shughuli za harusi. Kesho alfajiri, kabla hajaamka, nitakwenda kumchukua Diwani mwenyewe. Nitavaa koti la baba, lile linamficha vizuri. Nimeshamwambia Mjomba, mara mbili, karibu na sikio. Alinitazama muda mrefu kuliko safari ile, akauliza kama nina hakika. Nikasema sijawahi kuwa na hakika zaidi. Ameenda kupaka viatu rangi huku akitikisa kichwa.

Safari hii nimejiandaa kwa lolote. Tukikutwa, nitasema tumekuja kuomba maji. Na kwa kuwa jino limeanza tena, kibuyu nitaomba mapema.